Punda Aliyebaki Peke Yake



Katika ziara zetu kati ya Busia na Malaba tumeulizwa swali moja mara tatu, na vikundi vitatu visivyojuana. "Punda wetu amekuwa mkaidi, tufanye nini?" Tulipochunguza tukakuta vikundi vyote vitatu vinafanana kwa jambo moja. Kila kimoja kilikuwa na punda mmoja tu. Kwa hivyo somo letu la toleo hili ni namna ya kumtafutia punda mwenzake.

Kiongozi wa somo asome kisa kifuatacho kwa sauti, polepole. Wanachama wakijadili kabla ya kuendelea na sehemu inayofuata. Wasiojua kusoma washiriki sawasawa na wengine, maana mara nyingi wao ndio wanaoshinda na punda kutwa nzima na wanamjua kuliko mwenyekiti.

KISA CHENYEWE

Kikundi kimoja cha akina mama na wazee wachache, si mbali na barabara kuu ya kwenda Malaba, kilinunua punda wawili mwaka 2021 kwa pesa za mzunguko. Wote walikuwa majike. Walibeba maji, mchanga na matofali, na wakati wa mavuno walibeba mahindi na mihogo mikavu hadi sokoni. Kila mwanachama alikuwa na siku yake ya kutumia punda, na siku zilizobaki walikodishwa. Pesa hizo hazikuwa nyingi, lakini ziliingia kila wiki, na mama mmoja mjane alitwambia kwamba karo ya binti yake ya muhula mzima ilitoka kwenye migongo ya wanyama wale wawili.

Jioni moja mwaka 2023, mmoja alikata kamba akaingia barabarani, pale malori yanapopanga foleni kungoja kuvuka. Akagongwa, akafa papo hapo. Mzoga uliondolewa usiku ule ule. Mwenzake alikuwa amefungwa nyuma ya nyumba ya mweka hazina, na hakuuona.

Tangu usiku huo yule aliyebaki alilia mpaka majirani wakaja kulalamika. Siku ya pili hakugusa nyasi. Alipofungwa mitungi alikwenda hatua kama ishirini, akasimama, akageuza kichwa nyuma. Kijana akamchapa. Akalala chini na mitungi yake, maji yote yakamwagika. Mzee mmoja akasema, "Huyu amerogwa, kuna mtu hapendi maendeleo yetu." Wengine wakasema ni uvivu, punda haendi bila kigongo. Na kijana mwingine akaleta habari ya mtu fulani anayenunua punda kwa ajili ya ngozi: "Analipa leo leo, hata akiwa mgonjwa anamchukua."

Na sisi je? Tuliitwa siku ya tatu, na lazima tuseme ukweli kwamba tulikosea. Tulisema punda amechoka, afungiwe bandani peke yake apumzike wiki nzima. Tulidhani tunamwonea huruma. Kumbe tulikuwa tunamwongezea ugonjwa ule ule. Aliyetufungua macho ni afisa wa mifugo aliyepita kijijini kwa kazi ya chanjo ya ng'ombe. Alimtazama punda kwa dakika moja tu, akauliza, "Mwenzake yuko wapi?"

Hapa kiongozi asimame. Aulize: katika kisa hiki ni nani alimtazama punda, na ni nani alitazama mzigo tu? Je, sisi tungesema nini siku ile ya tatu?

KWA NINI ALIKATAA KULA

Wakulima wa Teso hawahitaji kuelezwa habari ya jozi. Mtu mwenye maksai wawili wa plau anajua kwamba mmoja akifa, yule wa pili haanzi tu kulima na ng'ombe yeyote atakayeletwa. Lazima wazoeane. Lakini ng'ombe aliyebaki ataendelea kula. Punda ni mwingine. Punda hushikamana na mwenzake mmoja, wakala pamoja, wakasimama pamoja kivulini, mmoja akimkuna mwingine shingo kwa meno. Ukiwatenganisha ghafla wanataabika. Anachokiita mtu ukaidi mara nyingi ni hofu: punda akiogopa hakimbii kama farasi, anasimama pale alipo, kama mti.

Kukataa kula ndio hatari kubwa, na hili tunaomba kila kikundi kilishike. Punda asipokula, mwili wake huanza kutoa mafuta yaliyowekwa akiba na kuyamwaga kwenye damu kwa wingi. Damu hujaa mafuta, ini hushindwa, na punda anaweza kufa katika siku chache tu. Walio katika hatari zaidi ni wanene, wenye mimba na wanaonyonyesha. Kwa hiyo punda asiyekula siku nzima si wa kungojewa mpaka Jumapili. Mwiteni daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Huku mkimngoja, mpeni nyasi mbichi kidogo kidogo, na maji safi, na asikae peke yake. Hata mbuzi waliomzoea wafungwe karibu naye.

Jambo lingine ambalo hatukulijua ni hili. Punda mmoja akifa, yule wa pili aachwe akae na mzoga kwa muda, aunuse, auzunguke, mpaka aondoke mwenyewe. Punda aliyemwona mwenzake amekufa hutulia mapema kuliko yule ambaye mwenzake ametoweka tu. Punda wa kisa chetu aliendelea kumtafuta kwa sababu hakuna aliyemwonyesha.

Wenye farasi kule Ulaya wanajua sana mambo haya. Farasi akibaki peke yake humtafutia farasi mdogo wa kimo, asiye na kazi yoyote ila kukaa naye malishoni. Wengine huweka mbuzi kwenye banda la farasi wa mbio. Sisi huku mpakani farasi tumewaona kwenye picha na kwenye sherehe za Nairobi tu, lakini fundisho ni lile lile. Na Lamu, mji ambao punda ndio hubeba kila kitu kwenye vichochoro, baada ya kazi punda hutembea mitaani makundi makundi. Tangu mwaka 1987 pana kliniki ya bure ya punda pale.

SHIDA YETU HAPA MPAKANI

Hapa kwetu mzigo ulizoea baiskeli. Bodaboda yenyewe ilizaliwa huku, watu wakibebwa kutoka mpaka mmoja hadi mwingine, na jina likabaki. Punda si wengi kama Pokot Magharibi au Mwea. Mtu wa Pokot punda wake akifa, mwingine yuko boma la pili. Hapa unaweza kutembea kata nzima usisikie mlio.

Tena wamepungua nchi nzima. Hesabu ya watu na mifugo ya mwaka 2009 ilipata punda karibu milioni 1.8 nchini Kenya. Ile ya mwaka 2019 ilipata karibu milioni 1.2. Kati ya hesabu hizo mbili, kuanzia mwaka 2016, vilifunguliwa vichinjio vya punda huko Baringo, Naivasha, Machakos na Turkana, na ngozi zikawa zinapelekwa Uchina kutengenezewa dawa ya kienyeji iitwayo ejiao. Wizi wa punda ukazidi, bei ikapanda. Serikali ilipiga marufuku mwezi Februari 2020, mahakama ikaondoa marufuku hiyo Mei 2021, kisha Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Lakini yule mtu wa "analipa leo leo" bado tunamsikia vijijini. Mwulizeni kibali chake, na mwuzeni chifu kama anamjua.

PUNDA WA NJIA YA PANYA

Kikundi chetu kilipoelewa maneno ya afisa, kilifanya haraka. Haraka kupita kiasi. Mwanachama mmoja alisikia habari ya punda dume wa bei rahisi ng'ambo, na akina mama walikuwa na hofu kwamba huyu jike atakufa. Punda akavushwa usiku kwa njia ya panya, bila karatasi hata moja.

Ilikuwa hasara tupu. Kwanza, alikuwa dume kijana ambaye hajahasiwa. Alimwuma jike shingoni, akamfukuza huku na huku, na mnyama aliyekuwa hali sasa akawa hali wala hatulii. Pili, alikuwa na vidonda chini ya tumbo na macho yenye majimaji. Huku kwetu kuna mbung'o, na punda naye hupata nagana. Tatu, baada ya siku tisa alikuja mzee mmoja na askari wawili. Punda alikuwa wake. Alikuwa ameibiwa. Pesa hazikurudi, na mwanachama aliyeleta habari alikaa miezi miwili bila kuja mkutanoni kwa aibu.

Kwa hiyo jueni sheria. Mnyama anayetoka Uganda kuingia Kenya anahitaji kibali cha kuingiza mifugo na cheti cha afya cha daktari wa mifugo wa serikali kule anakotoka. Hata ndani ya Kenya, punda wa kutoka kaunti nyingine anahitaji kibali cha kusafirisha mifugo. Muuzaji aandike jina lake na namba ya kitambulisho mbele ya naibu wa chifu. Akikataa kuandika, rudini nyumbani.

MDOMO USIOFANYA KAZI

Mwenzake alipatikana umbali wa kilomita nne tu. Alikuwa punda mzee, jike, wa familia moja iliyokuwa imeacha kubeba maji baada ya bomba kufika. Meno yake yalikuwa yamekwisha, mguu mmoja ulikuwa na kilema, na alikuwa mdogo hata kwa kimo. Familia ile haikutaka kumwuza kwa watu wa ngozi, na haikuwa na kazi naye. Wakasema, "Mchukueni, mradi mumtunze."

Hapo mkutano ukawaka moto. Mzee mmoja, tena mtu mwenye busara, akasema: "Nyinyi mnataka tulishe mdomo usiofanya kazi? Sisi wenyewe hatujashiba!" Wengi wakampigia makofi. Swali lake lilikuwa la haki na hatukutaka kulipita kwa maneno matamu. Tulichukua chaki.

Tuseme punda mmoja anafanya safari 6 za maji kwa siku, mitungi 2 kila safari, na mtungi ni shilingi 10. Hiyo ni shilingi 120 kwa siku, na kwa siku 5 ni shilingi 600. (Mitungi miwili ya lita 20 ni kilo 40. Wanaofunga minne wanabebesha kilo 80, na mzigo wa mgongoni haufai kupita theluthi moja ya uzito wa punda mwenyewe. Punda wetu wengi hawana hata kilo 150. Pigeni hesabu.) Punda mzee atakula nyasi za kando ya shamba na mabua, na tuseme pumba na dawa ya minyoo ni shilingi 150 kwa wiki. Zinabaki 450. Bila yeye, wiki ile iliyopita kikundi kilikuwa kimepata sifuri, na punda aliyekataa kazi alikuwa bado anatakiwa kulishwa. Bei za kijiji chenu ni tofauti, wekeni zenu.

Mama mjane akasimama akasema, "Basi si kweli kwamba hana kazi. Kazi yake ni kukaa." Mzee akacheka, akasema na yeye nyumbani anataka kazi hiyo.

NAMNA YA KUWAKUTANISHA

Kabla ya kuleta punda yeyote mwangalieni kwa mikono, si kwa macho tu. Nyanyua kila mguu. Pitisha kiganja mgongoni kutafuta vidonda vya zamani. Fungua mdomo: punda wa miaka mitano hivi amekamilisha meno ya mbele ya kudumu, na aliye chini ya miaka minne hafai kubebeshwa mizigo mizito. Kama mnataka wa kuvuta mkokoteni pamoja, wafanane kimo na mwendo. Kama ni wa kukaa tu, tabia ndiyo muhimu. Dume ambaye hajahasiwa msimlete, mpaka daktari amhasi na muda upite. Madume wawili wazima kwenye boma moja, palipo na jike, ni vita kila siku.

Akifika, msimwingize bandani mara moja. Kwa wiki mbili hadi tatu akae upande wa pili wa ua, wakionana na kunusana lakini wasigusane chakula, ili kama ana minyoo au upele ujulikane. Afisa wa mifugo amwone katika siku hizo. Hapa tunatoa onyo mbili. Dawa ya kupe yenye amitraz, inayotumika sana kwa ng'ombe, ni sumu kwa punda, kwa hiyo someni kibandiko au mpeni anayejua kusoma. Na sindano ya nagana msiinunue dukani mkamdunga wenyewe kwa kipimo cha ng'ombe.

Baada ya hapo wakutanisheni mchana, mahali palipo wazi, pasiwe na kona ya kubanwa. Nyasi ziwekwe mafungu mawili mbali mbali, na maji vivyo hivyo. Watalaza masikio, watapigana mateke kidogo. Fadhila za punda ni mateke, msiogope. Mkiona mmoja anamfukuza mwingine bila kumwacha ale, watenganisheni, mjaribu kesho. Mkiwaona wamesimama, kichwa cha huyu kwenye mkia wa yule, wakifukuzana inzi, wamekubaliana.

Punda wa kikundi chetu alianza kula siku ile ile mzee alipofungwa ng'ambo ya ua. Hatukuamini. Baada ya mwezi mmoja alirudi kazini, kwanza safari mbili, kisha nne. Yule mzee humfuata bila mzigo, akichechemea, mpaka kisimani na kurudi.

KABLA YA KUNUNUA, TAZAMENI JIRANI

Wale vikundi wengine wawili waliotuuliza swali hawakununua chochote. Kila kimoja kilikuwa na punda mmoja, na kati yao ni mwendo wa nusu saa. Tuliwakutanisha. Sasa punda wote wawili wanalala boma moja, na kila kikundi kinakuja kuchukua wake asubuhi, na mara nyingi wanapanga kazi zao ziwe njia moja.

Lakini andikeni mapatano. Ni nani analinda usiku? Nani analipa daktari? Punda mmoja wao ni dume aliyehasiwa na mwingine jike, kwa hivyo hao hawana shida, lakini kwingineko jike anaweza kuja na mimba mkiwa hamjui. Mimba ya punda huchukua karibu mwaka mzima, na mtoto hunyonya miezi sita. Mtoto huyo atakuwa wa nani? Tumeona vikundi vya ndugu wa damu vikivunjika kwa ndama mmoja, sembuse punda. Sahihi ziwekwe mbele ya naibu wa chifu, nakala moja kwa kila mweka hazina.

Katika mkutano wenu ujao chukueni nusu saa. Kila mwanachama ataje boma analolijua lenye punda, hata kama ni mzee, hata kama ni kilema, kwa umbali mtu anaoweza kutembea na kurudi siku moja. Katibu aandike. Wenye punda mmoja walio tayari kukutana na jirani watuletee orodha parokiani siku ya semina.

Yule punda mzee mguu wake umezidi kuwa mbaya tangu mvua zianze. Afisa wa mifugo amemkata kwato mara mbili na amewaambia wanachama wasitegemee miaka mingi. Mama mjane ameshaanza kuulizia, kilomita saba hivi, boma la mzee mmoja mwenye punda asiye na kazi.